Mapokezi ya Mashine ya Hewa

Nchi ninayoisimulia haipo. Ukiikuta kwenye ramani, irudishe hiyo ramani dukani, ina kasoro. Na ukisikia harufu ya moshi wakati unasoma, hayo ni yako na jirani yako, mimi simo.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo, hewa ilikuwa safi kwa mujibu wa sheria. Tulikuwa na Wizara ya Hewa, Upepo na Mambo Mengine Yasiyoonekana, na Waziri wake, Mheshimiwa Dokta Kirungu, alikuwa na mapafu mazuri sana. Nayasifu kwa kuwa nimeyasikia: aliwahi kutuhutubia saa tatu na nusu bila kumeza mate.

Taifa zima lilikuwa na mashine moja tu ya kupimia hewa. Wataalamu walipoomba ya pili, Mheshimiwa aliwajibu kwamba mashine mbili zinaweza kutofautiana, na tofauti ndizo zilizoleta vurugu katika nchi jirani. Ikabaki hiyo moja. Ilikuwa na ukubwa wa jiko la mafuta ya taa, rangi ya maziwa, na kwa vile ilisemekana ni dhaifu, ilikaa bustanini kwa Mheshimiwa huko Kilimani, katikati ya mawaridi. Kila asubuhi ilisoma nane. Redio nayo ikatangaza: hewa ya taifa leo ni nane. Sisi wa Bondeni tulisikia nane, tukafurahi, tukakohoa kidogo, tukaenda kazini.

Bondeni ndiko kila kitu kilikoteremkia. Maji machafu yaliteremka, takataka ziliteremka, na hata moshi, ambao kwa watu wengine hupanda juu, kwetu ulishuka ukakaa. Upande wa mashariki kulikuwa na dampo la mji, lililokuwa likiwaka kwa mwaka wa tisa mfululizo. Magharibi kiwanda cha saruji. Katikati matanuri ya matofali, na sisi. Ukianika kanzu nyeupe asubuhi, jioni ulianua kanzu ya kijivu.

Mimi naitwa Shomvi, karani mstaafu wa posta, na kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa Katibu wa Kamati ya Mapokezi ya Bondeni. Nisijisifu, lakini nimepokea mawaziri wanne, askofu mmoja, kadhi mmoja na trekta. Trekta lile lilipigiwa ngoma, likasomewa risala, likalala kwetu siku moja, kesho yake likarudi lilikotoka. Lakini dereva wake mwenyewe alisema hajaona mapokezi kama yale.

Nyumbani nilikaa na binti yangu Zuhura, aliyerudi kwangu baada ya kufiwa na mumewe, na mwanawe Siwatu, darasa la pili.

Siwatu alikuwa na ulimi jamani! Akiniona tu nimevaa kofia yangu ya mapokezi, hanikosi: "Babu, leo nani anakuja, au unajipokea mwenyewe?" Ulimi alikuwa nao. Pumzi ndiyo hakuwa nayo. Alikuwa na pumu, na sentensi hiyo moja aliigawa vipande. "Babu..." anavuta. "Leo nani..." anavuta. "Anakuja?" Na kabla hajafika kwenye utani wenyewe, mimi nimeshaanza kucheka ili asihangaike kuumaliza.

Kitu alichokitaka kuliko vyote ni kupuliza puto. Kamati ilikuwa na boksi zima la maputo, na kila mgeni akija watoto walipanga foleni kuyapuliza. Siwatu hakuweza. Alikaa pembeni akiyafunga nyuzi. "Mimi... fundi wa nyuzi," anasema, kidevu juu. Mtoto wa miaka minane anaificha aibu yake namna hiyo, na mimi babu yake nikacheka naye. Mungu anisamehe, nilicheka.

*

Msidhani serikali ilitusahau. Ilituletea profesa na wasaidizi wake kumi na wawili, wakatupima vifua kwa muda wa wiki mbili, wakatoa kitabu kinene kiitwacho Taarifa ya Taifa kuhusu Vifua.

Taarifa ilisema wananchi ni wa aina tatu. Wa Kilimani wana vifua laini, kwa hiyo wawekewe vichujio vya hewa madirishani na shule zao zifungwe vumbi likionekana. Wa mjini kati wana vifua vya wastani, washauriwe kufumba mdomo wanapovuka barabara. Wa Bondeni wana vifua sugu vilivyokwisha kuzoea, na si busara kuvibadilishia hewa ghafla, vinaweza kushtuka.

Ukurasa wa arobaini ulitusifu. Ulisema Bondeni ina wazee wachache kuliko mahali pengine popote, jambo linaloonyesha kuwa ni eneo la vijana, lenye nguvu kazi. Tulipiga makofi. Tuliobaki wa umri wangu tuliombwa tusimame ili tupigwe picha, tukasimama wote watano.

Zuhura hakupiga makofi. Alikuwa ameshaongea na tabibu wetu wa zahanati, Daktari Nuhu, kijana mpole ambaye hajui kuficha neno. "Mama Siwatu," alimwambia, "dawa ya kuvuta leo ninayo, kesho sina. Mtoto akibanwa sana nitahitaji oksijeni. Oksijeni iko Kilimani, mwendo wa saa mbili kwa gari, na gari hatuna."

Basi Zuhura akaisoma Sheria ya Hewa, kitu ambacho hakuna raia aliyewahi kukifanya, na kifungu cha tisa kikamwambia hivi: mahali popote mashine itakaposoma zaidi ya hamsini, dampo lihamishwe, na zahanati ya hapo ipewe mtungi wa oksijeni ndani ya siku saba. Akaandika barua kuomba mashine iletwe Bondeni. Hakujibiwa. Akaandika tena. Barua ya kumi na saba ikajibiwa, nadhani kwa bahati mbaya.

*

Jibu lilipitia kwangu. Lilisema Mashine ya Hewa itafanya ziara ya kikazi Bondeni tarehe kumi na mbili, saa nne kamili asubuhi, ikiwa ndiyo Mgeni Rasmi, na Kamati ya Mapokezi ijiandae kwa hadhi inayostahili. Ratiba iliambatanishwa: wimbo wa taifa, ngoma, risala, hotuba, kupima hewa dakika kumi, chakula.

Zuhura alilia kwa furaha. Daktari Nuhu akaifagia pembe moja ya zahanati, akaisugua kwa sabuni, akasema, "Mtungi utasimama hapa." Na mimi nikaitoa kofia yangu sandukuni.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ilipo dhambi yangu. Sisi watu wa Bondeni ni maskini lakini tunajua kupokea. Mgeni hakaribishwi kwenye vumbi. Mgeni hakalishwi kwenye moshi, macho yamtoke machozi kama mpika maandazi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiona mgeni anateremka njiani anazima jiko kwanza, ndipo aseme karibu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Nikaenda kwa wachoma matofali, nikawaambia, "Jamani, mgeni anakuja." Wakaitikia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," wakazima matanuri siku mbili kabla. Barabara tukaimwagia maji. Kiwanda kikapata barua kutoka juu, kikasimama kwa heshima ya ugeni. Na dampo lile, lililowashinda viongozi wote, lilizimwa kwa asubuhi moja. Kumbe magari ya zimamoto yalikuwapo siku zote! Yalikuwa yanasubiri mgeni tu.

Zuhura alinikuta uani nikiandika risala.

"Baba, mgeni huyu anakuja kuona nini?"

"Anakuja kutuona sisi."

"Anakuja kuona moshi, baba! Ukimwondolea moshi, ataona nini?"

"Zuhura, unataka waseme watu wa Bondeni hawana adabu?"

"Waseme! Waseme hata akili hatuna, mradi mwanangu apumue."

"Mgeni hakai siku zote," nikamwambia, "lakini aibu ya mgeni haifutiki." Na nikarudi kwenye risala yangu. Niliona nimesema neno kubwa. Nililiingiza hata kwenye risala, ukurasa wa pili.

*

Tarehe kumi na mbili kulikucha Bondeni tukaiona milima. Sikujua kama tunayo. Watoto waliulizana imeletwa lini.

Siwatu aliamka mwenyewe, akatoka nje mbio. Mbio, nasema! Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, akasema, "Babu leo nani anakuja au unajipokea mwenyewe?" Yote. Kwa pumzi moja, bila kipande. Mimi nilikuwa sijazoea kuusikia utani ule mpaka mwisho, nikachelewa kucheka. Akajishangaa mwenyewe. Akaliendea boksi la maputo, akachagua jekundu, akalipuliza. Mashavu yalimjaa, macho yakamtoka, puto likavimba, likavimba, mpaka likawa kubwa kuliko kichwa chake. Zuhura alilifunga uzi.

"Mama, nimeweza," Siwatu akasema.

"Nimeona, mwanangu."

Saa sita mchana, yaani saa nne kamili ya kiserikali, Mashine ikawasili. Magari sita. Ilibebwa juu ya mto wa mahameli, mtu mmoja akiikinga na mwavuli, wawili wakiilinda. Tukaimba wimbo wa taifa. Mimi nikaisomea risala, nikiinamisha kichwa kila nilipotaja jina lake. Mheshimiwa Dokta Kirungu akasimama, akavuta hewa yetu kwa pua, akafumba macho.

"Ndugu wananchi," akasema, "wako watu wanaosema Bondeni kuna moshi. Mimi nauliza: uko wapi? Nauliza tena: uko wapi? Moshi, kama upo, njoo hapa nikuone!" Tukapiga makofi, maana kwa kweli haukuwapo.

Ikawashwa. Namba nyekundu zikatokea: saba. Bondeni tulikuwa tumeishinda hata bustani ya Mheshimiwa!

Ndipo niliposikia harufu. Nikageuka. Nyuma ya ua wangu, upande unakotoka upepo, Zuhura alikuwa amewasha mafiga yake matatu kwa kuni mbichi na kipande cha tairi. Moshi mweusi ukauvuka ua, ukaja moja kwa moja kwenye mto wa mahameli. Kumi na tisa. Thelathini. Mheshimiwa akatoa leso. Thelathini na nane. Mlinzi mmoja akaanza kukohoa. Wote wakanigeukia mimi, Katibu, mwenye kofia. Na mimi nikafanya kile ambacho katibu hufanya mgeni wake akiaibishwa. Nikaibeba ndoo ya maji ya kunawia wageni mikono, nikakimbia uani.

Zuhura alisimama mbele ya moto. "Baba, nakuomba. Nakuomba, baba."

Nilimsukuma pembeni, nikamwaga ndoo nzima.

Nilipogeuka kuitazama mashine ilikuwa imefika arobaini na saba. Nakumbuka. Arobaini na saba. Ikasimama kidogo, halafu ikaanza kushuka. Dakika kumi zilipokwisha ilisoma nane, na Mheshimiwa akanishika mkono mbele ya umati akasema taifa linahitaji wazee kama mimi.

*

Tulipewa Cheti cha Hewa Safi, Daraja la Kwanza, chenye fremu ya dhahabu. Wilaya iliagiza kitundikwe zahanati. Daktari Nuhu alikitundika kwenye ile pembe aliyoifagia.

Siku ya tatu matanuri yakawashwa, maana watu lazima wale. Kiwanda kikaunguruma. Dampo likajiwakia lenyewe, halihitaji barua. Milima ikaondoka. Siwatu akaanza tena kukata maneno vipande, na puto lake akalitundika juu ya kitanda.

"Babu... mgeni... atarudi lini?"

"Unamtakia nini?"

"Akija... naweza... kupuliza."

Nikamwambia nitaandika barua. Alinikumbusha kila siku. Nami kila siku nilisema kesho, kwa sababu sikujua nitamwandikia nani, na kusema nini, wakati cheti tunacho.

Siku ya kumi na moja baada ya ugeni, Jumanne, alirudishwa kutoka shule saa saba mchana, midomo imekuwa ya buluu. Zuhura alikuwa sokoni. Nilimbeba mgongoni mwenyewe, mzee mimi, nikakimbia. Nilimsikia sikioni mwangu njia nzima, ile filimbi ya kifuani, na nikawa nafurahi kuisikia. Tulipofika kwenye duka la kona ikanyamaza.

Dawa ya kuvuta ilikuwa imekwisha tangu Ijumaa. Daktari Nuhu alimlaza, akamkandamiza kifua, akampulizia pumzi yake mwenyewe mdomoni, tena, na tena, na tena. Kuna wakati aliinua kichwa akaitazama ile pembe. Cheti kilikuwa kinang'aa. Adhana ya alasiri ilikuta mjukuu wangu amekufa.

*

Serikali yetu haipendi mtu afe bila sababu, kwa hiyo kuna fomu. Daktari Nuhu aliandika: moshi. Wilaya ikairudisha fomu siku hiyo hiyo, haraka ambayo sijawahi kuiona. Ilieleza kwamba eneo lenye Cheti cha Daraja la Kwanza haliruhusiwi kuwa na kifo cha hewa, tabibu achague sababu kwenye orodha. Nuhu akakataa kuchagua. Wakamchagulia wao. Fomu ninayo: "Sababu ya kifo: uzembe wa marehemu katika kupumua."

Uzembe! Mtoto yule alifanya kazi ya kupumua miaka minane, mchana na usiku, bila likizo, kwa bidii ambayo sijaiona kwa waziri yeyote niliyempokea.

Kabla ya maziko nilivaa kofia yangu. Ndiyo, niliivaa. Nilikwenda kwa wachoma matofali kuwaomba wazime, mara hii kwa ajili ya Siwatu. Sikumaliza kusema, walishaanza kumwaga maji. Nikaenda kiwandani. Mlinzi akampigia simu meneja, akaniuliza marehemu alikuwa na cheo gani.

"Darasa la pili."

Akasikiliza simu. "Mzee wangu, pole sana. Wanasema wanazima kwa mgeni rasmi tu."

Dampo sikwenda. Tulimzika kesho yake saa kumi. Sanda yake ilitoka nyumbani nyeupe, ikafika makaburini ya kijivu.

*

Tangu siku hiyo Zuhura ananiamkia. Asubuhi anasema, "Shikamoo baba," ananiwekea chai, basi. Mafiga yale matatu hajayagusa tena, anapikia kwa jirani. Ningefurahi anitukane. Kila nikipita uani nayaona yamekaa pale na tope lake lililokauka, na ile ndoo imesimama ukutani.

Puto hakuna aliyelishusha. Imo ndani yake pumzi ya Siwatu, yote aliyoitoa siku ile. Lakini puto ni puto, linavuja polepole. Lilikuwa kubwa kuliko kichwa chake. Likawa chungwa. Wiki iliyopita lilikuwa ndimu. Zuhura huliangalia kila asubuhi kabla hajasema shikamoo.

Jana imekuja barua. Wizara ina furaha kunijulisha kwamba Bondeni imeteuliwa kuwa Kitongoji cha Mfano, na kwamba Mashine ya Hewa itarudi tarehe kumi na nne, saa nne kamili, kutukabidhi ngao. Kamati ya Mapokezi ijiandae kwa hadhi inayostahili. Wamesema wananiamini.

Niliisoma barua hiyo mara mbili, nikaenda nayo makaburini. Nikamwambia, "Uliniuliza atarudi lini. Tarehe kumi na nne, mjukuu wangu."

Nimejibu kwa mwandiko wangu mzuri wa posta kwamba mgeni anakaribishwa sana. Mto wa mahameli utawekwa uani kwangu, karibu na mafiga, kwenye kivuli. Kuni mbichi nimekwisha kata, na tairi nimelipata zima. Magari ya zimamoto yaje yazime dampo, matanuri nayo yazimwe, sina neno. Na wakinitazama mimi tena, Katibu, mwenye kofia, wataniona nimeikalia ile ndoo.

Leo asubuhi Zuhura aliponiwekea chai nilimshika mkono.

"Mwanangu, mgeni anakuja. Nipe kiberiti."

Akafungua fundo la khanga yake, akanipa.